Laini 244 Zilizofichwa

"Mwanangu, siku hizi ndege zenu haziji huku?"

Mama mdogo aliniuliza hivyo jioni moja ya Februari. Simu nilikuwa nimeibana begani, mikono yote miwili iko kwenye kompyuta. Maombi ya ratiba ya Machi ya sisi wahudumu wa ndege yalikuwa yanafungwa saa sita usiku, nami nilikuwa bado nahangaika na laini ya tatu, yaani ratiba ya tatu ya mwezi, kwenye orodha yangu. Ilikuwa na Jumapili zote nyumbani, lakini ilikuwa pia na safari mbili za usiku kucha kutoka Los Angeles, na mgongo wangu hauzitaki tena safari hizo.

"Zinakuja, mama mdogo," nikamjibu. "Ila laini za Seattle zimekuwa chache, na wakubwa walioajiriwa zamani wanazimaliza zote."

"Haya mwanangu. Mungu atajalia."

Akamuulizia mtoto, akaulizia theluji ya Chicago, akaaga.

Nilimjibu kwa moyo safi. Kila neno nililolitamka nililiamini. Wiki tatu baadaye ndipo nilipogundua kwamba halikuwa kweli, na kwamba kwa zaidi ya miaka mitatu nimekuwa nikiwaambia watu jambo hilohilo.

Mwezi mzima katika mstari mmoja

Mnaonisoma siku nyingi mnaijua kazi yangu, kwa hiyo nitagusia tu kinachohusika. Sisi wahudumu wa ndege hatupangiwi mwezi na meneja. Kampuni inatoa pakiti, na ndani ya pakiti kuna laini. Kila laini ni mwezi mzima wa mtu mmoja uliolazwa katika mstari mmoja: visanduku thelathini au thelathini na kimoja, hapa safari ya siku mbili, pale siku tatu za mapumziko, na pembeni kabisa jumla ya saa utakazolipwa. Unazipanga unavyozipenda, ya kwanza, ya pili, mpaka mia na kitu. Maombi yakishafungwa, kompyuta inaanza na aliyeajiriwa zamani kuliko wote, inampa anachotaka, inashuka kwa anayemfuata. Ikikufikia wewe, inakupa ile iliyo juu zaidi kwenye orodha yako ambayo bado haijachukuliwa.

Ukubwa kazini ndio kila kitu. Hawaangalii unavyofanya kazi, wala watoto ulio nao, wala umbali unakotoka. Wanaangalia tarehe uliyoajiriwa.

Nilipoanza nilifanya kwa kalamu. Dada mmoja mkubwa wa kituo chetu alinikalisha mezani kwake akanionyesha: njano kwa Jumapili za nyumbani, waridi kwa safari za usiku kucha, kijani kwa miji unayopenda kulala. Tulizitandaza karatasi mpaka zikafika kwenye makochi. Kazi ile ilikula jioni mbili kila mwezi, na ukimaliza macho yanawasha. Lakini ilikuwa na faida moja ambayo wakati ule sikuijua: hata laini usiyoitaka ilipita mbele ya macho yako kabla hujaipiga mstari. Uliikataa umeiona.

Halafu ikaja programu. Unailipia kidogo kila mwezi, unaipa faili la pakiti, unaiambia unachotaka, na kabla chai haijapoa imeshakupangia laini zote kutoka bora hadi mbaya. Nilimshukuru Mungu. Sitaki mtu asome makala hii akadhani naikebehi programu hiyo. Imenirudishia jioni ishirini na kitu kila mwaka, na jioni hizo nimezitumia kumfundisha binti yangu kusoma.

Kushusha na kuficha

Unavyoiambia unachotaka ni kwa pointi. Yangu ilikuwa hivi: Jumapili nyumbani pointi 10. Safari ya usiku kucha inapunguza 8. Kusafirishwa kama abiria kwenda kuanzia kazi mji mwingine inapunguza 3. Kulala San Diego inaongeza 4, kwa sababu hoteli iko karibu na bahari na mimi ni mtoto wa Tanga, nikiona maji nalala vizuri. Seattle ilikuwa na pointi 9. Nataka hilo lieleweke. Mji wa mama mdogo ulikuwa na pointi 9 tangu siku ya kwanza nilipoifungua programu, na sijawahi kuzigusa.

Lakini pembeni ya kila kipengele kuna chaguo mbili. Ya kwanza inashusha: laini usiyoipenda inateremka chini ya orodha, lakini ipo, ukishuka utaikuta. Ya pili inaficha. Laini inatoka kabisa mbele yako kana kwamba kampuni haikuichapa.

Agosti 2021 binti yangu alikuwa na miaka mitatu. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, wiki nzima hayupo. Jirani yetu, mama mmoja mwenye roho nzuri ambaye sitaacha kumwombea, alimpokea mtoto hata kulala naye usiku mbili tatu, lakini asubuhi hafungui mlango kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Ana maradhi yake, anahitaji usingizi wake, na nilimheshimu kwa kulisema wazi. Kwa hiyo sikuweza kuripoti uwanjani kabla ya saa mbili asubuhi. Hilo halikuwa suala la kupenda. Laini yenye kuripoti alfajiri ingenilazimisha kumwacha mtoto peke yake, na sikutaka hata kuiona nikaja kushawishika na saa zake za malipo.

Nikachagua kuficha.

Nakumbuka nilivyojisikia siku ile. Nilijisikia mama. Nilikuwa nimejenga ukuta kati ya kazi yangu na mtoto wangu kwa kubonyeza mara moja.

Mwaka uliofuata mume wangu akapata kazi ya lori la hapahapa mjini. Analala nyumbani kila siku, anatoka saa mbili na robo asubuhi, na ndiye anayemsindikiza binti yetu kituo cha basi la shule. Sababu ya ule ukuta ikaisha. Jirani tukampelekea zawadi, tukamshukuru, maisha yakaenda.

Ukuta ukabaki pale pale.

Bustani ya mchicha

Baada ya ile simu ya Februari, swali la mama mdogo lilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Sikujua kwa nini. Angekuwa amelalamika ningejitetea, nikayamaliza. Lakini aliuliza kama mtu anayeuliza habari ya mvua. Alidhani labda njia imefungwa.

Zamani nilikuwa nafika kwake kila mwezi, au kila baada ya mwezi. Alikuwa na nyumba ndogo Renton, kusini ya Seattle, si mbali na uwanja wa ndege. Nyuma ya nyumba alilima mchicha. Mbegu aliletewa na mtu kutoka Muheza, zimefungwa kwenye kipande cha kanga, na kila kiangazi ulitoka mchicha mwekundu kama wa nyumbani. Nikifika nilivua viatu vya kazi, nachuma naye. Nilikuwa narudi Chicago na furushi la mchicha uliokunjwa kwenye gazeti bichi ndani ya begi langu, chini ya sare. Abiria wangu wa siku hizo hawakujua kwamba mhudumu wao amebeba mboga.

Mei ya mwaka jana nyumba iliuzwa. Magoti yalimshinda, mwanawe akamchukua akakae naye kwenye fleti. Nilipigiwa simu ya video, nikaiona bustani kwenye kioo cha simu, mchicha ndio kwanza unachipua, na mnunuzi amesimama pembeni anapima uzio.

Nilisema, "Ningekuwepo ningekusaidia kufungasha." Nikaamini hilo pia. Niliamini kwamba mwezi ule hakukuwa na njia.

"Zimefichwa na nani?"

Machi, kwenye chumba cha wahudumu pale uwanjani, binti mmoja wa Bukavu aliniomba nimwonyeshe programu. Ana miezi saba kazini. Kiswahili chake ni cha kwao, changu cha Pwani, na tunapokutana tunacheka kidogo kila mmoja na maneno ya mwenzake kisha tunaelewana. Ananiita dada mkubwa. Ni wa akiba bado: anakaa na simu, ikilia ana saa mbili awe ameshafika uwanjani na sare. Ana mtoto wa miaka miwili. Nilipomsikia anaeleza nani anamwachia mtoto nilijiona mimi wa mwaka 2021.

Nikafungua kompyuta yangu, nikaipakia pakiti ya Aprili ili aone inavyofanya kazi. Nikamweleza pointi. Nikamweleza ukweli mmoja ambao niliujua kwa uchungu wangu mwenyewe, kwamba programu inatafuta tu, haitoi. Ningeweza kumtengenezea orodha nzuri kuliko ya mtu yeyote pale kituoni, na bado kwa nambari yake ya ukubwa kazini angepata akiba, kwa sababu laini zote zinaisha kabla kompyuta haijamfikia. Ni maneno magumu kumwambia mtu anayekuja kwako na matumaini. Nilimwambia hata hivyo. Niliwahi kufichwa hilo, nikakaa mwaka mzima nadhani sijui kupanga orodha.

Alinyamaza, anaangalia kioo. Kisha akaweka kidole juu kabisa, kwenye pembe ambayo mimi macho yangu hayafiki.

"Dada, hapa inasema laini 318. Halafu inasema zinaonekana 74. Hizi 244 zimefichwa na nani?"

Nilianza kumjibu kwamba ndivyo ilivyo, ni zile mbaya. Neno "mbaya" likanifia mdomoni.

Ni mbaya kwa nani? Kwa mama wa mtoto wa miaka mitatu ambaye jirani yake hafungui mlango kabla ya saa kumi na mbili na nusu.

Binti yangu anatimiza miaka saba.

Nilichokikuta

Nilisubiri mpaka nifike nyumbani. Sikutaka kuufungua ule ukuta mbele ya watu.

Vichujio vyenyewe, yaani vipengele nilivyoviwekea kuficha, vilikuwa viwili. Cha kwanza kilinifanya nikae kimya kidogo, kwa namna nzuri. Nilikuwa nimeficha laini zote zenye mapumziko ya chini ya saa 10 kati ya zamu na zamu. Nilipokiweka kilikuwa na kazi kweli, maana kanuni ya wakati ule ilitaka saa 9, na kampuni iliruhusiwa kuzishusha hadi 8. Ukitoa muda wa kusubiri basi la hoteli, kula na kuoga, unabaki na usingizi wa saa tano. Bunge la Marekani lilipitisha saa 10 mwaka 2018, lakini kanuni yenyewe ilichelewa mpaka Oktoba 2022. Tangu ilipoanza kutumika, kichujio changu hakijaficha laini hata moja, kwa kuwa zote zimeshafikia saa 10. Wahudumu wenzangu waliopigania hilo miaka na miaka walikuwa wameifanya kazi ya kichujio hicho, nacho kimesimama pale bila kumdhuru mtu.

Cha pili ndicho kilichoficha 244.

Laini moja ina safari nne au tano. Ikitokea moja tu kati ya hizo inaanza kwa kuripoti kabla ya saa mbili asubuhi, laini nzima inatoka. Asubuhi moja ya alfajiri inafuta siku thelathini. Na sisi kituo chetu asubuhi ndio wakati ndege zinaondoka kwa wingi.

Sasa sikilizeni jambo la Seattle, kwa maana hapa ndipo niliposhika kichwa. Safari ya kulala Seattle kwa kupumzika vizuri inaondoka Chicago saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Unaripoti 0510, yaani saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Unaruka saa nne na nusu hivi, lakini saa za kule ziko nyuma yetu kwa mbili, kwa hiyo unatua bado hata saa tatu asubuhi haijafika. Una siku nzima mbele yako na usiku mzima, unarudi kesho yake mchana. Safari za Seattle zinazoondoka mchana nazo zipo, ila unafika jioni, unalala, unaamshwa, unarudi. Hizo ndizo nilizokuwa naziona. Hizo ndizo wakubwa wanazozimaliza, kwa kuwa hazikuamshi usiku.

Zile nilizokuwa nikizitafuta kwa pointi 9 zilikuwa nyuma ya ukuta nilioujenga mwenyewe, na zilikuwa nyuma yake kwa sababu ileile iliyozifanya ziwe nzuri.

Nikatoa kichujio. Laini 19 zenye Seattle ya alfajiri zikapanda juu. Tatu kati yake ziliipita laini iliyokuwa ya kwanza kwangu.

Nina tabia ya kutunza pakiti za zamani. Nikafanya jambo ambalo labda nilipaswa kuliacha: nikazirudia za miezi 12, moja moja, bila kichujio. Kisha nikafungua matokeo, maana kampuni inayatangaza kwa wote, laini gani imekwenda kwa nambari gani. Miezi 9 kati ya 12 kulikuwa na laini ya Seattle ya alfajiri iliyokwenda kwa mtu aliyeajiriwa baada yangu. Yaani ningeiomba ningeipata. Mei, mwezi wa kufungasha nyumba ya Renton, zilikuwa mbili.

Nilizima taa ya jikoni nikakaa.

Kosa la nani

Kwa siku kadhaa nilitafuta wa kulaumu. Programu? Iliniambia kila mwezi, pale juu kwenye pembe, kwamba kuna laini zimefichwa, na ni ngapi. Haikuficha kwamba imeficha. Kampuni? Laini ilizichapa. Wakubwa? Hawakuzigusa.

Niliwaza pia nisijilaumu kupita kiasi. Ule ukuta ulikuwa haki mwaka 2021. Ningeurudia kesho kama mtoto wangu angekuwa tena na miaka mitatu. Nisilolikubali ni kwamba sikuwahi kuurudia kuuangalia. Nilibadilisha pointi za San Diego mara tano kwa sababu ya hoteli kuhamishwa. Pointi ni kitu cha kuchezea, unaziona zinapanda na kushuka. Kilichofichwa hakikukumbushi, kwa sababu huoni kitu cha kukukumbusha.

Na kuna kitu kingine, kizito zaidi kwangu. Nilipokuwa sioni laini za Seattle sikusema "sizioni". Nilisema "hakuna". Nilitunga na sababu yake, kwamba wakubwa wanazimaliza, nikamwambia mama yangu mdogo kama habari ya kweli. Nikijiuliza ni wapi pengine nimefanya hivyo katika maisha yangu, napata majibu ambayo si ya kuandika kwenye blogu.

Tunaofanya kazi hii tumeshaona kwa wengine pia jinsi kompyuta inavyoaminiwa. Novemba 2017 ilibainika kwamba mfumo wa American Airlines, kwa hitilafu, ulikuwa umewaruhusu marubani wengi kupita kiasi kuacha safari zao za Desemba. Maelfu ya safari za msimu wa Krismasi yalibaki bila marubani waliopangwa, na kampuni ikalazimika kuahidi malipo ya mara moja na nusu kwa watakaozichukua. Kila rubani peke yake aliona tu kwamba ombi lake limekubaliwa. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kutilia shaka.

Wasiwasi wangu kuhusu kinachokuja

Mashirika mengi makubwa yameshaacha laini za kuchapwa, na kwetu mazungumzo hayo yameanza. Mfumo ule mwingine haukupi laini uchague. Unaandika matakwa yako, nataka Jumapili, nipe Seattle, sitaki alfajiri, na kompyuta inakujengea mwezi kutoka kwenye rundo la safari. Mwaka 1998 watafiti wa Montréal walieleza jinsi hesabu hiyo inavyofanyika Air Canada, na nilipoisoma nilivutiwa. Inaanza na mkubwa kuliko wote, inamtafutia mwezi ulio karibu zaidi na alichokiomba. Lakini haimkabidhi mpaka ihakikishe kwamba safari zitakazobaki bado zinaweza kubebwa na wote walioko chini yake. Kisha inashuka kwa wa pili, na wa tatu, vivyo hivyo mpaka chini.

Ni hesabu yenye adabu, nasema kwa dhati. Mkubwa anapata chake, na waliobaki nao wanaangaliwa kama wataweza.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Kwenye laini za kuchapwa, hata nikiwa na programu, pakiti ipo. Siku moja mtu anaweza kuweka kidole kwenye kona akauliza. Kwenye mfumo ule, mwezi ambao hukuuomba haujengwi. Hakuna 244 za kuzihesabu. Ungeandika mwaka 2021 kwamba hutaki alfajiri, na sentensi hiyo ingebaki ikikuombea mwezi baada ya mwezi, na usingekuwa na mahali pa kuona ilichokunyima. Wenzangu wa mashirika mengine wananiambia nao wananakili maombi ya mwezi uliopita, wanabadilisha tarehe, wanatuma. Sote tuna haraka.

Chama chetu cha wafanyakazi kikiulizwa maoni nitasimama niseme: tuwekeeni mahali pa kuona tulichokataa. Hata kwa hesabu tu.

Simu ya pili

Nilimpigia mama mdogo Jumapili. Nikamwamkia, nikamwambia nina jambo la kumwomba radhi. Nikamweleza yote, ukuta, jirani, saa mbili asubuhi, pakiti kumi na mbili. Sikujua kama angeelewa habari ya vichujio. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ndege zilikuwa zinakuja," akasema.

"Zilikuwa zinakuja, mama mdogo."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia televisheni ya mjukuu wake kwa nyuma.

"Mimi nilijua zinakuja. Naziona dirishani hapa zinashuka. Nilikuuliza ili nijue kama una neno na mimi."

Hapo ndipo nilipolia, na sioni haya kuliandika. Miaka mitatu alikuwa anaziona ndege dirishani, anajiuliza amenikosea nini.

Nikamwambia sina neno. Nikamwambia mara tatu.

Maombi ya Aprili yalipofungwa niliweka laini 19 za Seattle juu, zikifuatiwa na zile za zamani. Ile ya kwanza ilichukuliwa na mtu mwenye miaka 20 kazini, haki yake. Ya pili ikanijia. Ina Jumapili moja tu nyumbani badala ya nne, na mume wangu tulilizungumza hilo kabla. Ina Seattle tatu, zote za kuripoti 0510. Nimeshaweka simu initoe kitandani saa tisa kasoro dakika kumi usiku.

Binti wa Bukavu alipata akiba. Nilimtafuta nikamwambia kidole chake kilinifanyia nini. Tumekubaliana siku zake za akiba zikigongana na siku zangu za mapumziko, mtoto wake atakuja kulala kwetu, saa yoyote ile. Mlango wetu utafunguliwa.

Jana jioni mama mdogo alipiga.

"Safari ya kwanza lini?"

"Alhamisi."

"Unafika saa ngapi?"

"Tatu kasorobo asubuhi natua. Mpaka nitoke uwanjani, saa tatu na nusu."

"Basi nitaroweka mbaazi Jumatano usiku," akasema. "Mahamri nitakusubiri ukande wewe, mikono yangu siku hizi haina nguvu."